Marcel Lihau, mwanasheria aliyeandika katiba mbili na kukataa hukumu moja

Mwaka 1975, Rais wa kwanza wa Mahakama Kuu ya Haki ya Zaire aliletewa jambo ambalo wakubwa wa utawala waliliona kuwa dogo. Wanafunzi walikuwa wameandamana, adhabu kali ilikuwa imetakiwa juu yao, na yeye kama jaji wa ngazi ya juu kuliko wote nchini alitakiwa aitekeleze. Marcel Lihau akakataa. Rais Mobutu hakungoja kikao wala barua ya utetezi: alimwondoa kazini papo hapo na kumweka katika kifungo cha nyumbani. Mtu aliyekuwa ameongoza mahakama hiyo kwa miaka 7, tangu ilipoanzishwa, akawa analindwa na askari mlangoni kwake.

Wakongo wengi wanamjua Lihau kama jina katika vitabu vya historia ya katiba, au kama mmoja wa wazee wa UDPS ya mwanzo. Wanafunzi wa sheria wa Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani, Bukavu na Goma hukutana naye katika somo la sheria ya katiba, kisha mtihani ukipita wanamsahau. Hiyo ni hasara, kwa sababu kama kuna mtu ambaye maisha yake yanajibu swali wanaloulizwa kila siku na wazazi wao, kwamba hiyo diploma ya sheria itakupeleka wapi, ni yeye. Ilimpeleka mbali sana, na baadhi ya mahali ilipomfikisha hakuna mzazi angependa mtoto wake afike.

Mtoto wa Lisala

Lihau alizaliwa tarehe 29 Septemba 1931 mjini Lisala, kando ya mto Kongo, katika jimbo la Equateur, akiwa mkubwa katika nyumba ya watoto 8. Mwaka mmoja kabla, katika mji huohuo, alizaliwa mtoto mwingine aliyeitwa Joseph-Désiré Mobutu. Njia zao zilitengana mapema: mmoja aliishia jeshini na kisha katika uandishi wa habari, mwingine akaenda seminari. Zilipokutana tena, mmoja alikuwa ameshika bunduki na mwingine kalamu ya sheria, na kwa muda mrefu walihitajiana.

Ili kuelewa uzito wa kile Lihau alichokifanya, lazima kukumbuka shule ya mkoloni ilivyokuwa. Wabelgiji walijenga shule nyingi za msingi kuliko wakoloni wengine wengi wa Afrika, lakini ngazi ilikatika katikati. Mkongo mwenye akili aliweza kuwa karani, mwalimu, msaidizi wa daktari au msaidizi wa kilimo. Aliyetaka elimu ndefu kabisa alikuwa na mlango mmoja, upadri. Ndiyo maana viongozi wengi wa kizazi kile walipitia seminari au ofisini: Kasa-Vubu alikuwa mseminari kabla ya kuwa karani, Lumumba alifanya kazi posta. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954 tu, na kile cha Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Nchi ilipopata uhuru, Wakongo waliokuwa na diploma ya chuo kikuu hawakufika hata 30.

Katika hao wachache, sheria ilikuwa uwanja uliofungwa zaidi ya mwingine wote. Sababu si ngumu kuiona. Msaidizi wa daktari anaponya mtu na kurudi nyumbani. Avoka anasimama mbele ya hakimu na kuuliza ni kwa kifungu gani mteja wake amefungwa. Katika koloni ambako msimamizi wa eneo alikuwa mkusanya kodi, polisi na hakimu kwa wakati mmoja, na ambako mweusi na mweupe walikuwa na mahakama zao tofauti, swali kama hilo lilikuwa na hatari kubwa. Hata wale walioitwa évolués, waliopewa kadi ya sifa ya kiraia kuanzia mwaka 1948, hawakuruhusiwa kuota ndoto ya joho la avoka.

Baada ya seminari ya Bolongo, Lihau aliingia katika kituo cha chuo kikuu cha Wajesuiti huko Kisantu, Kongo ya Chini, akasoma sayansi ya utawala. Kwa kawaida safari ingeishia hapo. Angepewa meza katika ofisi ya koloni, mshahara uliopita kidogo ule wa majirani, na bosi mzungu wa kumsahihisha barua. Lakini mmoja wa walimu wake, padri Willy De Craemer, Mjesuiti na mwanasosholojia, aliamua kwamba kijana huyu asome sheria katika Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji.

Kuamua ni jambo moja. Mtihani wa kuingia ulidai lugha ambazo shule za koloni hazikuwaandaa Wakongo kwazo kwa kiwango hicho, basi Lihau alifundishwa Kilatini, Kigiriki na Kiflamandi ili asizuiwe mlangoni. Mtu anaweza kucheka akifikiria mwana wa Lisala akikariri vitenzi vya Kigiriki ili aje kujua sheria itakayowahukumu watu wa Lisala. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa nauli, naye akailipa.

Mwanafunzi kati ya wanasiasa

Diploma ya sheria ilianza kumlipa Lihau kabla hata hajaipata. Mwanzoni mwa mwaka 1960, serikali ya Ubelgiji iliita viongozi wa Kongo kwenye Mkutano wa Meza ya Duara mjini Brussels, uliofunguliwa tarehe 20 Januari. Vyama vilifika vikiwa vimegawanyika: ABAKO na yake, MNC na yake, iliyokuwa tayari imepasuka vipande viwili, CONAKAT ya Katanga na yake. Wabelgiji walizoea mgawanyiko huo na walijua kuutumia.

Lihau alikuwa miongoni mwa viongozi wa wanafunzi Wakongo walioko Ubelgiji, pamoja na Mario Cardoso. Wanafunzi hao hawakuwa na wapiga kura wala kadi za chama, ila walikuwa na kitu ambacho wajumbe wengi hawakuwa nacho: walijua namna Wabelgiji wenyewe wanavyofanya mikutano, na tofauti kati ya mkutano wa ushauri na mkutano ambao maamuzi yake yanamfunga mtu. Waliwasukuma wanasiasa waungane. Muungano ulifanyika, ukaitwa Front Commun, na jambo lake la kwanza lilikuwa la kisheria kabisa, yaani kudai kwamba kitakachokubaliwa mezani kiwe na nguvu na kisibaki maoni ya kupelekwa kabatini. Siku chache baadaye, tarehe 27 Januari, ilikubaliwa kwamba uhuru utakuwa tarehe 30 Juni 1960.

Wengi wanaeleza ushindi huo kwa ujasiri wa viongozi, na ni haki. Lakini ujasiri peke yake Wabelgiji walikuwa wameshauzoea. Safari hii walikuta mbele yao watu waliopewa ushauri na vijana waliosoma taratibu zao.

Uhuru ulikuja na Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960, iliyopitishwa na Bunge la Ubelgiji na kuandikwa kwa mfano wa Ubelgiji. Ilikuwa na rais na waziri mkuu, na kifungu kilichosema kwamba mkuu wa nchi huteua na kuondoa mawaziri. Nchini Ubelgiji kifungu hicho ni desturi ya karatasi, mfalme hamwondoi mtu kwa hasira. Huko Léopoldville, tarehe 5 Septemba 1960, Kasa-Vubu alikitumia kumfukuza Lumumba, na Lumumba naye akamfukuza Kasa-Vubu. Bunge likakataa kufukuzana kote. Nchi nzima ikawa inagombana juu ya tafsiri ya kifungu, na haikuwa na mahakama ya juu ya kuamua. Mahakimu Wabelgiji wengi walikuwa wameshakimbia tangu Julai. Umoja wa Mataifa ulilazimika kutafuta mahakimu wa kigeni, wengine wakitoka Haiti, ili mahakama zisifungwe kabisa.

Pengo hilo ndilo lililompandisha Lihau, na ndipo pia linapoanza jambo ambalo wanaomsifu hupenda kuliruka. Tarehe 14 Septemba 1960 kanali Mobutu alitangaza kuwaweka kando wanasiasa wote na kuunda Baraza la Makamishna Wakuu, wengi wao wakiwa wanafunzi na wahitimu wapya. Lihau alipewa Sheria. Msaidizi wake alikuwa kijana mwingine wa sheria, kutoka Lovanium, Étienne Tshisekedi.

Kwa mtu aliyesomea sheria, kupokea cheo kutoka kwa askari aliyefunga Bunge ni jambo zito. Waziri mkuu aliyekubaliwa na Bunge alikuwa bado yuko hai na hajahukumiwa na mtu yeyote. Kufikia Desemba Lumumba alikamatwa, akafungwa Thysville, na tarehe 17 Januari 1961 akasafirishwa hadi Katanga na kuuawa siku hiyohiyo pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Hakuna hakimu aliyewasikiliza. Miongoni mwa makamishna wa wakati ule wapo walioishi wakilibeba jambo hilo, na hata leo, anayetaka kueleza maisha ya Lihau kwa haki hawezi kuanzia na mwaka 1975 peke yake.

Baada ya kazi hiyo fupi, na kutumiwa na serikali kuu kama mpatanishi katika mazungumzo ya kuunganisha nchi iliyopasuka, Lihau alimaliza doctorat yake ya sheria Louvain, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1963, akiwa na miaka kama 32, aliwekwa kuwa mkuu wa kitivo cha sheria cha Lovanium. Ni haraka ambayo leo haiwezekani. Profesa wa sasa wa Kinshasa au Lubumbashi hupitia uasistenti, ukuu wa kazi na miaka ya kungojea kabla ya kufika hapo. Wakati ule mlango ulikuwa wazi kwa sababu nyumba ilikuwa tupu.

Luluabourg, mwanzo wa 1964

Septemba 1963 Kasa-Vubu alifunga Bunge, ambalo lilikuwa limeshindwa kuandika katiba ya kudumu, na kazi hiyo ikapewa tume maalumu. Tume ilikaa Luluabourg, Kananga ya leo, mbali na fitina za Léopoldville. Joseph Iléo, mwanasiasa wa siku nyingi, alikuwa pale, lakini kazi ya kuunda maandishi, ya kuhakikisha kifungu cha 10 hakimtukani kifungu cha 60, ilihitaji wanasheria, na Lihau ndiye aliyeibeba.

Vijana wanaodhani kuandika katiba ni kuandika maneno mazuri wangefaidika kujua walichopambana nacho. Kwanza kulikuwa na swali la majimbo. Tangu 1962 yale majimbo 6 ya mkoloni yalikuwa yamegawanywa katika majimbo madogo ambayo watu waliyapa jina la dharau, provincettes. Katanga peke yake ilitoa Katanga Kaskazini, Lualaba na Katanga Mashariki. Kivu ikatoa Kivu ya Kati, Kivu Kaskazini na Maniema. Kuyafuta kungewasha moto, kuyaacha bila mpaka wa madaraka kungefanya kila gavana awe mfalme. Tume ikayakubali, 21 pamoja na mji mkuu uliosimama peke yake, na kueleza kipi ni cha serikali kuu na kipi ni cha jimbo. Wanaofuata ugomvi wa leo kati ya majimbo na Kinshasa juu ya fedha wataona kwamba mjadala ule haukuanza jana.

Pili kulikuwa na jeraha la Septemba 1960. Nani anamwondoa nani? Waandishi walichagua kumpa rais nguvu iliyo wazi: ataweza kumteua waziri mkuu na kumwondoa. Waliona kwamba utata ndio uliowaua, basi wakaondoa utata. Pia walipanga mahakama ya katiba ya kuamua migogoro ya namna hiyo. Na waliipa nchi jina ambalo inalibeba hadi leo baada ya kulipoteza kwa zaidi ya robo karne: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Katiba ilipelekwa kwa kura ya maoni kati ya Juni na Julai 1964 na ikapita kwa wingi mkubwa, ingawa sehemu za mashariki zilizokuwa mikononi mwa waasi hazikupiga kura. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 1964. Siku chache tu baadaye Simba waliingia Stanleyville. Wino ulikuwa haujakauka na robo kubwa ya nchi ilikuwa nje ya katiba.

Hata hivyo si Simba walioiua. Ilikufa kwa kifungu chake chenyewe. Oktoba 1965 Kasa-Vubu alitumia nguvu aliyopewa na kumwondoa Moïse Tshombe, ambaye muungano wake ulikuwa umeshinda uchaguzi wa mwaka huo. Akamteua Évariste Kimba, Bunge likamkataa, rais akamteua tena. Mahakama ya katiba iliyopangwa Luluabourg haikuwa imesimamishwa bado, hivyo kwa mara ya pili katika miaka 5 hapakuwa na mwamuzi. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu akaja kuwa mwamuzi.

Kumtumikia mtu wa Lisala

Mobutu alihitaji katiba yake, na aliyejua kuiandika alikuwa yuleyule. Lihau alikubali. Haikuwa wakati wa kujifanya hujui unamfanyia kazi nani: tarehe 2 Juni 1966 Kimba na wenzake watatu, Bamba, Anany na Mahamba, walikuwa wamenyongwa hadharani mjini Kinshasa baada ya kesi ya kijeshi iliyokwisha haraka mno, mbele ya umati mkubwa. Kila mwanasheria mjini alijua maana yake.

Kwa nini alikubali? Jibu la karibu ni kwamba wanasheria wa kizazi chake waliamini kwamba utawala wa nguvu ukipewa maandishi utajizoeza polepole kuyafuata, na kwamba wao wakikataa, maandishi yatafanywa na wasiojua. Ni hoja ambayo wanasheria wengi wa Afrika wameitumia, wengine kwa moyo safi, wengine kwa ajili ya gari na nyumba. Kwa Lihau, yaliyofuata yanaonyesha alikuwa wa kundi la kwanza.

Katiba ya Juni 1967 ilimpa rais karibu kila kitu: bunge moja badala ya mawili, majimbo yaliyorudi chini ya mji mkuu. Lakini ndani yake kulibaki vipande ambavyo dikteta asingeviomba mwenyewe. Ilikataza chama kimoja na kuruhusu visizidi viwili. Wanawake walipiga kura. Na ilianzisha Mahakama Kuu ya Haki. Katika ukoloni, mashauri ya madai yaliyotaka kufika juu kabisa yalivuka bahari hadi Brussels. Sasa Kongo ingekuwa na kilele chake yenyewe.

Mwaka 1968 Lihau akawekwa kuwa Rais wa kwanza wa mahakama hiyo. Alikuwa hajafikisha miaka 37. Hapo diploma ilikuwa imempa kila kilichoweza kutolewa na nchi: uprofesa, ukuu wa kitivo, uandishi wa katiba, kiti cha jaji mkuu. Nyumbani pia aliishi na mtu aliyekuwa wa kwanza katika njia yake. Mke wake, Sophie Kanza, aliyefunga naye ndoa mwaka 1964, ni binti wa Daniel Kanza wa ABAKO na dada ya Thomas Kanza. Alikuwa Mkongo mwanamke wa kwanza kupata diploma ya chuo kikuu, na mwaka 1966 mwanamke wa kwanza kuwa waziri. Walizaa mabinti.

Kazi ya mahakama ya namna hiyo haionekani barabarani. Haisikilizi mashahidi wala kuona damu kwenye shati. Inasoma hukumu za mahakama za chini na kuangalia kama sheria imefuatwa, na kama haikufuatwa inaivunja hukumu na kuirudisha. Nguvu yake yote ni moja, kwamba serikali inakubali kutii karatasi. Lihau alitumia nafasi yake kutetea uhuru wa mahakimu, kwa lugha ya heshima, ndani ya utawala ambao kila mwaka ulizidi kuubana.

Ulibana kwa hatua. Chama cha pili kilichoruhusiwa na katiba hakikupata nafasi ya kuishi. Kufikia mwaka 1970 MPR ilikuwa chama pekee. Tarehe 4 Juni 1969 askari waliwapiga risasi wanafunzi wa Lovanium waliokuwa wakiandamana mjini, na mwaka 1971 wanafunzi wengine wakaingizwa jeshini kwa nguvu na vyuo vikuu vikaunganishwa kuwa kimoja cha taifa. Ikaja Zaire, yakaja majina mapya, na Marcel Lihau akawa Lihau Ebua Libana la Molengo. Mwaka 1974 katiba ilirekebishwa na kusema wazi kwamba MPR ndiyo taasisi pekee ya nchi, na kwamba serikali, bunge na mahakama ni viungo vyake. Mahakama ikapewa jina la Baraza la Sheria. Jaji hakuwa tena wa jamhuri, alikuwa kada wa chama. Mtu aliyeandika katiba ya 1967 aliona kazi yake ikifutwa kifungu baada ya kifungu, naye akiwa amekaa kwenye kiti ambacho katiba hiyo ilikizaa.

Kisha ikaja 1975 na faili la wanafunzi. Pengine alikuwa amejizuia mara nyingi kabla ya hapo; hapa hakujizuia. Aliowatetea walikuwa wanafunzi, na yeye alikuwa amewafundisha wenzao.

Gharama

Baada ya kifungo cha nyumbani Lihau hakuomba msamaha, ingawa katika Zaire ya wakati huo kuomba msamaha kulikuwa njia inayojulikana ya kurudi mezani. Mobutu alikuwa hodari wa kuwafukuza watu na kuwarudisha, mpaka mtu akasahau alikuwa na msimamo gani. Yeye alizidi kwenda upande wa pili.

Tarehe 1 Novemba 1980 wabunge 13, kati yao Tshisekedi, msaidizi wake wa mwaka 1960, na Frédéric Kibassa Maliba wa Katanga, walimwandikia Mobutu barua ndefu ya kumkosoa. Tarehe 15 Februari 1982 likazaliwa UDPS, chama cha upinzani katika nchi ambayo katiba yake haikukubali chama kingine. Lihau alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Chama kilihitaji majina yenye uzito, na uzito wa jaji mkuu wa zamani haukuwa wa kudharauliwa. Pia kilihitaji mtu wa kueleza kwamba kudai vyama vingi hakukuwa uasi.

Adhabu zilikuja haraka. Mwaka huo wabunge wa kundi hilo walihukumiwa miaka 15 jela. Lihau alinyang'anywa haki zake na kupelekwa kijijini, mbali na Kinshasa, adhabu ambayo utawala ule ulipenda kuitumia kwa sababu haikuhitaji hukumu wala gereza. Unampeleka mtu mahali ambapo hakuna daktari wala gazeti, na unangojea. Afya yake iliharibika huko. Mtu aliyekuwa na funguo za sheria ya nchi nzima hakuwa na mahakama ya kumpelekea malalamiko yake, maana mahakama hiyo alikuwa ameiongoza yeye na sasa ilikuwa kiungo cha chama kilichomfunga.

Mwaka 1985 alifika Marekani kutafuta hifadhi na matibabu. Na hapo ikaonekana faida ya diploma ambayo haielezwi mara nyingi kwa wanafunzi: haikamatwi mpakani. Waziri aliyeanguka hupoteza ofisi, mfanyabiashara aliyetoroka huacha duka, lakini alichokuwa nacho Lihau kichwani kilivuka naye. Alipata kazi ya kufundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Harvard. Akiwa huko aliendelea kuitetea demokrasia ya Kongo kwa yeyote aliyekubali kusikiliza, katika miaka ambayo Washington bado ilimwona Mobutu kama rafiki wa lazima.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu mwenyewe alitangaza mwisho wa chama kimoja. Mwaka huohuo Lihau alirudi kujadili mabadiliko ya siasa. Alikuwa na miaka karibu 60, lakini mwili ulikuwa umechoka kuliko umri. Wenzake waliendelea na vikao vya Mkutano Mkuu wa Kitaifa na vita vya kuwania uwaziri mkuu. Yeye alilazimika kurudi Marekani kutibiwa. Mobutu alianguka Mei 1997 na kufa Rabat, Moroko, Septemba mwaka huo.

Sophie Kanza alifariki tarehe 2 Aprili 1999. Siku 7 baadaye, tarehe 9 Aprili, Marcel Lihau alifariki mjini Boston, akiwa na miaka 67, wakati nchi yake ikiwa imegawanywa tena na vita na haina katiba iliyopigiwa kura. Katiba hiyo ilikuja kutangazwa tarehe 18 Februari 2006. Ndani yake, Mahakama Kuu ya Haki aliyoifungua mwaka 1968 iligawanywa kuwa tatu: Mahakama ya Katiba, Mahakama ya Kuvunja Hukumu na Baraza la Nchi.